Ndoto Tunazo, Kinachokosekana ni Ruhusa

Salaam kwenu vijana wenzetu wa Dzaleka, wa Nakivale, wa Nyarugusu, wa Kakuma na popote mlipo na kadi ya posho mfukoni. Salaam pia kwenu ndugu wa mashirika, ambao tunajua huwa mnatusoma kimya kimya bila kuacha neno. Leo tunaandika juu ya mpira wa kikapu, ila msifikiri ni habari ya michezo tu.

Majuzi tulikuwa kwenye mafunzo ya vijana. Viti vya plastiki, soda moja kwa kila mtu, kama kawaida. Mkufunzi aliyekuja ni mtu mwema, hatumsemi kwa ubaya. Akabandika ukutani picha ya kijana mrefu kupita kiasi, amevaa suti, machozi yanamtoka. Akauliza: "Nani anamjua huyu?" Watoto wote wakaitika: "Khaman!" Mkufunzi akafurahi. Akasema: "Huyu alikuwa mkimbizi kama nyinyi. Aliota ndoto kubwa. Leo yuko NBA. Na wewe ota!" Tukapiga makofi. Sisi wa kujitolea ndio tulipiga kwa nguvu zaidi, maana ndio tuliopanga viti.

Mgeni alipoondoka, tukiwa tunapanga viti kimoja juu ya kingine, mtoto wa miaka kama 12 akatukaribia akauliza: "Kaka, Khaman kambini kwao alipewa kibali cha siku ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi nyumbani, jua linazama. Lakini swali lile halikutuacha tulale. Basi tumekaa, tumesoma, tumebishana, na makala hii ndiyo jibu letu.

Tuanze na Khaman mwenyewe. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006. Familia yake ilikimbilia Uganda yeye akiwa bado mdogo kabisa. Akakulia Kawempe. Someni tena hapo: Kawempe. Kawempe si kambi, jamani. Ni sehemu ya jiji la Kampala, kuna soko, kuna bodaboda, kuna shule, kuna barabara inayokupeleka popote unapotaka. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na ya kufanya kazi. Ndiyo, ukikaa mjini unajitegemea, mambo ya posho unasahau. Si maisha ya raha. Lakini mguu wako ni wako.

Mpira wa kikapu aliuanza mwaka 2019, akiwa anaingia miaka 13. Kabla ya hapo alikuwa anapiga soka kama sisi wote. Alikuwa anatembea kwa miguu mwendo mrefu kwenda kwenye uwanja. Akafika kwenye mafunzo ya vijana yaliyoandaliwa na Luol Deng, mkubwa wake katika mambo hayo yote. Kutoka hapo akachukuliwa kwenda Saly, Senegal, kwenye akademia ya NBA ya Afrika, ambako mtoto analala, anakula, anasoma darasani na kufundishwa mpira kila siku. Akacheza ligi ya Afrika, BAL, misimu mitatu na timu tatu: Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes ya Senegal, City Oilers ya Uganda. Mwaka 2023 akacheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 16. Mwaka 2024 akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Akaingia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Tarehe 25 Juni 2025 akachaguliwa namba 10, na leo jezi yake ni ya Phoenix Suns.

Sasa hesabuni na sisi. Uganda, Senegal, Ufilipino, Ufaransa, Marekani. Kila jina hapo ni mpaka. Kila mpaka ni karatasi. Kijana ana mita 2.18, sawa, lakini urefu hauvuki mpaka. Hakuna askari wa uhamiaji aliyewahi kumpima mtu kimo akamwambia pita.

Na kama mnadhani tunatia chumvi, angalieni tarehe 5 Aprili 2025. Siku hiyo Duke walikuwa wanacheza nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ikatangaza kufuta viza zote za watu wenye pasipoti ya Sudan Kusini, kwa ugomvi wake na Juba. Khaman alikuwa uwanjani na jezi ya chuo, na huku nje watu wanaulizana kama ataruhusiwa kubaki. Alibaki, Mungu asifiwe. Lakini somo ni lile lile: hata ukiwa nyota, hata kama televisheni zote zinakuangalia, kuna siku karatasi inaweza kukuzidi nguvu. Je, yule ambaye hakuna kamera inayomwangalia?

Tuende kwa wengine ambao picha zao mnatuletea.

Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985. Vita ikawatoa, wakakimbilia Misri, na huko ndiko Manute Bol, yule Msudani mrefu aliyecheza NBA kabla yao wote, aliwafundisha yeye na kaka zake mpira wa kikapu. Kisha familia ikapewa hifadhi Uingereza, akakulia London. Akiwa na miaka 14 akaenda shule Marekani, akapita Duke, akachaguliwa namba 7 mwaka 2004, akacheza Chicago Bulls miaka mingi, akaitwa kwenye mchezo wa nyota mwaka 2012 na 2013.

Emmanuel Mudiay ni wa kwetu Kongo, mzaliwa wa Kinshasa. Familia yake ilikimbia vita, ikapata hifadhi Texas. Mwaka 2015 akachaguliwa namba 7 na Denver. Nuni Omot alizaliwa kambini Kenya, wazazi wake wametoka Ethiopia. Akapelekwa Minnesota akiwa mtoto mdogo, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa BAL akiwa na Al Ahly ya Misri. Duop Reath wa Sudan Kusini alifika Australia akiwa na miaka 9, leo amecheza NBA na Portland.

Mmeona kitu? Hawa wote ni ndugu zetu na tunawavulia kofia. Lakini hakuna kati yao aliyepanda akiwa nyuma ya geti la kambi. Kwanza walipata mji, au nchi, au shule. Mpira ulikuja baadaye. Ile sentensi mnayopenda kuandika kwenye mabango, "Kutoka kambini hadi NBA", imeruka katikati. Na sisi tunaishi hapo hapo katikati palipoukwa, mwaka wa kumi sasa, wengine wa ishirini.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, si mbali sana na Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza, tangu 1994 ni kambi. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, leo tumepita 50,000. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye baadhi ya haki, na moja ni hiyo ya kutembea na kuishi unapotaka. Kwa hiyo mkimbizi anakaa kambini, na akitaka kutoka anaomba kibali. Mwaka 2023 ndugu zetu waliokuwa na maduka na nyumba mijini waliambiwa warudi kambini wote, na wengi walirudishwa kwa nguvu. Hatuandiki hivi kuwatukana wenyeji. Malawi si nchi tajiri, na majirani zetu wa vijijini hapa Dowa wana shida zao, wengine zinafanana na zetu. Tunataka tu ieleweke mtoto wetu anapoambiwa "ota", anaambiwa akiwa wapi.

Sasa tuwaambie habari ya kijana mmoja. Jina hatutaji, uwanjani tunamwita Mrefu. Familia yake ilitoka Fizi, Kivu Kusini. Alipokuwa na miaka 17 alikuwa anapita mlango wa kanisa akiinama. Uwanja wetu una ringi mbili, moja imepinda, nyavu hakuna, na mvua ikinyesha upande mmoja unakuwa dimbwi. Alijifunza kurusha kwa ringi ile iliyopinda, na ndiyo maana kwa ringi nzima alikuwa hakosi. Raba zake zilikuwa mbili zisizofanana, namba 46 na 47, maana namba yake haipatikani kwenye mtumba wa hapa.

Siku moja ikaja barua. Shule moja ya mjini yenye timu imesikia habari zake, inamwita kwenye majaribio Jumamosi. Akifaulu, ada na kitanda wanalipa wao. Barua ilifika Jumanne. Tulikimbia nayo siku hiyo hiyo. Hatutaji ofisi, maana karatasi ile ilipita mikono mingi na kila mkono ulikuwa na sababu yake. Mmoja kasafiri, mwingine yuko kwenye mkutano, mwingine anasubiri sahihi ya mwenzake. Jumamosi ikapita. Kibali kilitoka Jumatano iliyofuata, safi kabisa, na muhuri wake mzuri.

Mama yake alikibandika ukutani. Mpaka leo kiko pale, kimeanza kuwa cha njano. Tulimwuliza, mama, kwa nini usikitoe? Akasema: "Niache nacho. Ni karatasi ya kwanza kutukubalia kitu."

Mrefu sasa hivi anabeba magunia ya mahindi sokoni. Uwanjani haji tena. Ukimwita anacheka, anasema mgongo unauma. Hakukosa ndoto yule. Hakukosa bidii, hakukosa kimo. Alikosa siku nne.

Tunajua mtatujibu nini, maana tumeshajibiwa.

Wa kwanza atasema: "Mnawakatisha watoto tamaa." Hapana. Mtoto anakata tamaa pale anapoambiwa kwamba kila kitu ni juu ya bidii yake, halafu anaweka bidii yote na mlango haufunguki. Ataanza kufikiri kasoro ni yeye. Sisi tunakaa nao jioni, tunaona. Mrefu mwenyewe alituambia: "Labda sikuomba vizuri." Kuna tamaa gani tena ya kukata hapo? Kumwambia mtoto ukweli kwamba kizuizi ni geti wala si yeye, huko ni kumheshimu.

Wa pili atasema: "Hiyo ni sheria ya serikali, shirika halina uwezo." Tunaelewa, sheria ya nchi haibadilishwi na makala ya vijana. Lakini kibali cha siku tatu kwa mwanafunzi au mchezaji hakihitaji sheria mpya. Kinahitaji mtu wa kusukuma. Nyinyi wa mashirika mnakaa kwenye mikutano ambayo sisi hatuna kiti. Mkiweza kuagiza bango lichapishwe kwa siku mbili, mnaweza kuuliza barua ya mtoto imekwama wapi.

Wa tatu atasema: "Posho yenyewe inapunguzwa, nyinyi mnaongea basketi?" Huyu tunamheshimu, na njaa tunaijua, hatukuisoma kitabuni. Lakini basi tuwe wakweli wote. Kama mpira si jambo la maana, msitupe picha ya Khaman mahali pa jibu. Na kama ni la maana, lifanyeni kama jambo la maana.

Kuna kitu kingine ambacho lazima tukiseme wazi, hata kama wadogo zetu watatukasirikia. NBA ina timu 30. Kila timu ina nafasi 15 za mkataba kamili. Ni watu 450, dunia nzima. Hata wote wakistaafu kesho na nafasi zote wapewe Dzaleka, hazitoshi hata kaya za mtaa mmoja wa hapa. Kumwambia kila mtoto aishi kwa kutegemea hilo ni kumpa tiketi ya bahati nasibu ukaiita mpango wa maisha.

Ila tazameni tena njia ya Khaman na Deng, mtaona kitu ambacho bango halisemi. Wote wawili mpira uliwapitisha shuleni. Deng shule ya sekondari halafu Duke. Khaman akademia yenye darasa halafu Duke. Mpira ulikuwa ufunguo, na chumba kilichofunguliwa kilikuwa cha masomo. Hapo ndipo penye faida kwa wengi. Kwa takwimu za UNHCR, vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu walikuwa kama 7% mwaka 2023, na lengo ni kufikia 15% mwaka 2030. Mrefu hakuhitaji kuwa wa 451. Alihitaji kitanda kwenye shule yenye maabara. Hata asingecheza mpira wa kulipwa siku hata moja, leo angekuwa anamaliza kidato cha nne, si anabeba gunia.

Na tazameni pia nani alimfungulia nani. Manute Bol alimfundisha Deng akiwa mkimbizi Misri. Deng alipokuwa mkubwa akaja Uganda kufundisha watoto waliokimbia kama yeye, na Khaman akawa mmoja wao. Deng huyo huyo akachukua shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini mwaka 2019. Juba haikuwa na ukumbi wa ndani wa mashindano, na gharama nyingi za timu alizitoa mfukoni mwake. Miaka minne baadaye walikuwa Kombe la Dunia. Julai 2024 wakakutana na Marekani yenye LeBron James kwenye mchezo wa kirafiki London, wakafungwa 101 kwa 100. Pointi moja! Paris wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, siku ambayo waandaaji walianza kwa kuwapigia wimbo wa taifa wa nchi nyingine. Kundi kubwa la wale vijana ni watoto wa vita waliotawanyika Australia, Marekani, Uganda na Kenya. Haikuwa ndoto iliyowakusanya. Ni mtu aliyelipa hoteli, aliyenunua tiketi za ndege, aliyefuata pasipoti moja moja.

Sasa zamu yetu, maana kidole kimoja kikimwonyesha mwenzio, vitatu vinakuonyesha wewe.

Sisi wa kujitolea tuna makosa. Tumewaacha wavulana waruke darasa la mchana kwa sababu tulitaka timu ishinde. Hilo limekwisha, asiyeenda shule hachezi. Wasichana tumewapa uwanja saa saba, jua la utosi, halafu tukasema hawapendi michezo. Dada zetu walituambia usoni na walikuwa na haki. Na tumenyamaza wale mawakala wa simu walipokuja, wale wanaoahidi majaribio Dubai au Uturuki ukilipa kwanza "pesa ya fomu". Kuna mzazi hapa aliuza mbuzi na cherehani. Sikilizeni vizuri: anayekuomba pesa kabla ya kukuona ukicheza ni mwizi. Mzungu awe, Mwafrika awe, mkimbizi mwenzako awe, ni mwizi.

Basi tunaomba mambo manne, wala si makubwa.

Kwanza, barua ya shule au ya timu ikifika, ijibiwe ndani ya siku tatu, kwa maandishi. Hata jibu likiwa hapana. Hapana iliyoandikwa unaweza kuikatia rufaa, ukimya huwezi.

Pili, kocha wa kujitolea apewe motisha ya kila mwezi kama anavyopewa mhamasishaji wa usafi. Tumepoteza makocha watatu ndani ya miaka miwili, wote wameenda kutafuta ugali. Mtoto hafundishwi na bango.

Tatu, saa kumi alasiri, mara tatu kwa wiki, uwanja ni wa wasichana. Hili halihitaji mfadhili. Tumeshaanza, na atakayekuja kuwafukuza atatukuta sisi.

Nne, mkitumia habari ya Khaman, semeni yote. Semeni Kawempe. Semeni Saly. Semeni viza. Watoto wetu si wajinga, wanaweza kubeba ukweli.

Mdogo wetu uliyeuliza lile swali, samahani tumechelewa. Jibu ni hili: Khaman hakupewa kibali cha siku yoyote, kwa sababu hakudaiwa. Alitoka nyumbani akaenda uwanjani, basi. Wewe unadaiwa, na hilo si kosa lako, na wala si jambo la kuomba samahani. Endelea na shule. Endelea kurusha. Sisi tutaendelea kugonga mlango, na ukifika umri wetu kabla haujafunguka, mtagonga na nyinyi.

Ile ringi iliyopinda tumepata fundi wa kuinyoosha, anataka kwacha kidogo na msaidizi wa kushika ngazi. Jumamosi asubuhi, mkuje. Tumemwomba na Mrefu aje. Amesema ataangalia kama mgongo utakubali, lakini ngazi hatuna, na kwa kimo chake atafika.